Feni ya prosesa inazunguka taratibu: pima kabla hujanunua chochote

Swali: Nina duka la steshenari hapa Mafinga. Kompyuta yangu ya mezani ina bodi ya ASUS na prosesa ya Intel Core i5-4570, na feni ni ileile iliyokuja na prosesa. Tangu baridi ianze, kila asubuhi nikiiwasha inaandika “CPU Fan Error! Press F1 to Run SETUP”. Nikibonyeza F1 kisha nikatoka, inaendelea vizuri, na mchana nikiizima na kuiwasha tena ujumbe hautokei. Nimefungua kasha nikaona feni inazunguka taratibu mno. Kazi zikiwa nyingi kompyuta inakuwa nzito, na mara nyingine inazima ghafla. Fundi wa kwanza kasema prosesa imechoka, ninunue nyingine. Wa pili kasema ataondoa tu huo ujumbe usiwe unanisumbua. Nimsikilize yupi?

Jibu: Kwa sasa usimsikilize yeyote kati ya hao wawili, ndugu yangu. Dalili ulizoeleza si za prosesa iliyokufa, na huo ujumbe usikubali uondolewe, maana ndio unaokuonya mapema. Umeandika jambo moja ambalo mafundi wako wamelipita: ujumbe unatoka asubuhi ya baridi, mchana hautoki. Tuanzie hapo.

Katikati ya feni kuna mhimili mdogo wa chuma unaozunguka ndani ya bushi au beringi, na humo kiwandani huwekwa mafuta kidogo sana. Miaka ikipita mafuta hayo hupungua, yanayobaki huchanganyika na vumbi na kuwa utando unaonata. Baridi ikiingia, nanyi wa Mafinga mnaijua ile ya Juni na Julai, utando huo unakuwa mzito zaidi. Mota ya feni ni ndogo, inatumia volti 12 na umeme kidogo tu, haina nguvu ya kupambana nao. Kwa hiyo sekunde za mwanzo inajikongoja. Bodi inapima kasi ya feni katika sekunde hizohizo, inaona iko chini ya kiwango, inasimamisha kuwaka na kuandika ujumbe. Baadaye joto la prosesa linapanda hadi kwenye feni, utando unalegea, feni inachangamka. Ndiyo maana mchana inapita bila neno.

Kuchangamka huko lakini si kupona. Feni hiyo ya Intel, ikiwa nzima, huzunguka kiasi cha mizunguko 1,000 kwa dakika kompyuta ikiwa imetulia, na hupanda hadi kuvuka 2,000 prosesa ikibanwa na kazi. Yako inaweza kufika 900 mchana, ikatosha kuiridhisha bodi wakati wa kuwaka, halafu ukifungua faili kubwa la kuchapa huku ukiskani na kivinjari kimejaa kurasa, inatakiwa ipande na haiwezi. Prosesa inachemsha. Ikifika nyuzi 100 za Selsiasi, ambazo ndizo ukomo wa prosesa za familia yako, inajipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Huo ndio uzito unaouona. Joto likizidi kupanda hata baada ya kujipunguza, inatoa ishara na bodi inakata umeme papo hapo, bila kufunga Windows wala kukuuliza kama umehifadhi kazi.

Hayo ndiyo maelezo yanayolingana vizuri na ulichoandika. Lakini ziko sababu nyingine za feni kuzunguka taratibu, na mojawapo ni kwamba imeamriwa hivyo. Kabla hujatoa hata shilingi, tuthibitishe.

Angalia waya wa feni yako unapoingia kwenye bodi. Utaona pini 4. Wa kwanza ni wa kurudisha umeme, wa pili unaleta volti 12, wa tatu unapeleka taarifa ya kasi kwenye bodi, na wa nne unaleta amri ya kasi kutoka kwenye bodi. Ndani ya feni kuna kihisi kinachotoa mapigo mawili kila inapomaliza mzunguko mmoja, na bodi inayahesabu mapigo hayo. Ni vizuri kuujua mpangilio huu kwa sababu unakuonyesha ni kosa gani linaleta dalili gani. Waya wa tatu ukikatika, feni inazunguka vizuri lakini bodi inasoma sifuri. Waya wa nne ukikatika, feni haipungui kasi. Inakimbia kwa nguvu zake zote na kupiga kelele, kwa sababu imetengenezwa hivyo, ikikosa amri iende mwisho. Kwa hiyo fundi akikwambia feni ni taratibu kwa sababu waya wa amri umekatika, huyo hajui feni.

Hakikisha pia plagi imeingia kwenye pini zilizoandikwa CPU_FAN. Kwenye bodi ya ASUS jirani yake huwa kuna zilizoandikwa CHA_FAN, ambazo ni za feni za kasha. Kompyuta iliyopita mikononi mwa watu wengi hukutwa feni ya prosesa imechomekwa huko. Bodi inaitafuta kwenye CPU_FAN, haioni kitu, inalalamika. Haielekei kuwa ndiyo yako, kwa kuwa yako ingelalamika mchana pia, lakini kuangalia ni kazi ya sekunde chache.

Sasa kipimo chenyewe. Washa kompyuta asubuhi, ikiwa bado baridi, na ujumbe ukitoka bonyeza F1 uingie kwenye BIOS, yaani kurasa za mipangilio ya bodi. Tafuta ukurasa unaoitwa Monitor. Kwenye bodi nyingi za ASUS unaupata baada ya kubonyeza F7 kwenda kwenye hali ya juu (Advanced Mode). Hapo utaona joto la prosesa, kasi ya feni, na volti. Chukua kalamu uandike namba tatu: joto, mizunguko ya CPU fan, na volti ya mstari wa 12V. Hiyo ya mwisho wengi huiruka. Inatakiwa iwe kati ya 11.4 na 12.6. Ikiwa chini ya hapo, pawa saplai, yaani kifaa kinachogawa umeme ndani ya kasha, ndiyo inayodhoofika, na feni mpya utakayonunua nayo itazunguka kichovu.

Kwenye ukurasa huohuo tafuta kipengele cha Q-Fan kinachohusu CPU. Ndicho kinachoiamuru feni ipunguze au iongeze kasi kufuatana na joto. Kizime, yaani weka Disabled, hifadhi kwa F10, acha iwake, kisha rudi BIOS usome kasi tena. Q-Fan ikizimwa feni inapewa ruhusa ya kukimbia mpaka mwisho wake. Ikiruka kupita 2,000, mota na beringi ni nzima na tatizo lilikuwa amri: pengine mtu aliweka Silent ili kompyuta isipige kelele. Ikibaki 600 au 800 na hali imeruhusiwa kukimbia, hapo hakuna tena cha kubishania. Feni ni mgonjwa, na prosesa haihusiki.

Kama una bodi ya Gigabyte au MSI na unasoma hapa kwa tatizo kama hili, kipengele chenyewe huitwa Smart Fan, na kipimo ni hichohicho: ipe kasi kamili uone inafika wapi. Kompyuta za Dell za maofisini hutoa maneno tofauti, kwa mfano “Alert! Previous fan failure”. Kuna kitu kingine cha kujua kuhusu hizo Dell zinazoingia kwetu zikiwa zimetumika Ulaya na Dubai: baadhi ya modeli zina plagi ya feni yenye pini 5 zilizopangwa kivyao. Feni ya kawaida ya sokoni haiingii humo. Mwenye nayo aende dukani na feni ya zamani mkononi.

Turudi kwako. Baada ya kipimo cha BIOS fanya cha mkono. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia ukishikilie sekunde chache ili chaji iliyobaki itoke. Gusa chuma tupu cha kasha kabla hujagusa chochote ndani, umeme tuli wa mwilini uishie hapo. Sukuma panga la feni kwa kidole, polepole. Feni nzima inateleza mizunguko kadhaa na kusimama yenyewe bila kishindo. Iliyokauka inasimama pale unapoachia kidole, au unaisikia inakwaruza. Shika kitovu chake ukitikise kidogo pembeni. Kikicheza sana, bushi imelika. Angalia pia kama kuna waya unaogusa mapanga. Kwenye kasha lililofungwa haraka hilo hutokea, na waya mwembamba unatosha kabisa kuichelewesha feni.

Halafu mwanga. Chukua tochi ya simu umulike katikati ya mapanga uangalie hitisinki, ile alumini yenye mapezi iliyo chini ya feni. Kwa duka la steshenari Mafinga, nadhani naweza kukwambia utakachokiona. Mji wenu ni wa mbao, vumbi la misumeno lipo hewani, na kiangazi barabara za vumbi zinaongeza lake. Ndani ya duka kuna mashine ya fotokopi, nayo inatoa vumbi la karatasi na unga wa tona. Vyote hivyo feni inavivuta kutoka juu na kuvisukuma chini kwenye mapezi, vinajipanga safu juu ya safu mpaka vinakuwa blanketi. Hapo hata feni ikizunguka 2,000, hewa haipiti. Kwa hiyo kusafisha si hiari, hata kama feni utaibadilisha kesho.

Peleka kasha nje, chini ya kivuli, ufunike pua na mdomo. Unga wa tona ni mwembamba sana na si wa kuvuta kifuani, na ukiupuliza ndani ya duka utarudi kwenye kompyuta hiyohiyo na kwenye karatasi zako. Tumia brashi ya rangi, laini na kavu, kulegeza vumbi, ndipo upulize. Ukitumia blowa ya fundi, shika mapanga kwa kidole yasizunguke. Upepo mkali ukiizungusha feni unaikimbiza kupita kasi iliyotengenezewa, beringi inaumia, na mota inayozungushwa hivyo inaweza kuzalisha umeme na kuurudisha kwenye bodi. Kompresa ya gereji ya kujaza matairi iache kabisa: nguvu yake ni kubwa na hewa yake hutoka na maji na mafuta. Usitumie pia mashine ya kukaushia nywele ikiwa na joto. Tona hulainika kwa joto na kugandia mahali.

Baada ya kusafisha rudia kipimo cha BIOS asubuhi inayofuata. Wengine huishia hapa, feni iliyokuwa inalemewa na vumbi inarudi kwenye kasi yake. Lakini kama kipimo cha kidole kilionyesha feni inasimama pale pale, kusafisha hakutatosha.

Kuhusu kutia mafuta, najua ndilo jambo la kwanza watu wanaloambiana. Inawezekana, na kwa feni yenye bushi huweza kuipa miezi ya ziada. Nenda kwenye upande wa feni usiozunguka, ule wenye kibandiko. Bandua kibandiko nusu, na kama kuna kizibo kidogo cha mpira kitoe kwa ncha ya sindano. Weka tone moja la mafuta ya cherehani, zungusha kwa kidole, futa yaliyomwagika, rudisha kizibo na kibandiko. Kwa feni hii ya duara ya Intel kuna usumbufu: upande huo umetazama hitisinki, lazima uachanishe feni na hitisinki kwanza, na vishikizo vyake vya plastiki vikishazeeka huvunjika. Usitumie mafuta ya kupikia; yanaganda na kunata, na miezi michache baadaye utakuwa na feni mbaya kuliko ya mwanzo. WD-40 nayo si ya kazi hii, sehemu yake kubwa ni kiyeyusho kinachoruka, kinaosha mafuta yaliyobaki na kuacha beringi kavu. Na kama bushi imeshalika, yaani kitovu kinacheza, mafuta hayarudishi chuma kilichokwisha kusagika.

Mimi ningekushauri uitumie njia ya mafuta kama daraja tu, kazi za duka zisisimame mpaka feni mpya ifike. Hiyo ni kompyuta inayokuingizia chakula. Feni ya prosesa na hitisinki yake ni kati ya vitu vya bei ndogo kabisa ndani ya kasha, na kuikarabati mara kwa mara ili kuokoa fedha hizo ni hasara.

Ukienda kununua, au ukimwagiza mtu Kariakoo, mwambie maneno haya: feni na hitisinki yake, ya soketi 1150, yenye waya wa pini 4. Soketi ni mahali prosesa inapokaa kwenye bodi. Matundu manne ya soketi yako yana nafasi ya milimita 75, na nafasi hiyohiyo inatumika kwenye soketi 1155, 1156, 1151 na 1200, kwa hiyo yoyote kati ya hizo itakaa. Ya soketi 775 haikai, matundu yake ni milimita 72. Ya 1700 nayo haikai, ni milimita 78. Mwuzaji akikwambia “italazimishwa”, ondoka, kwa sababu kinacholazimishwa hapo ni bodi kupinda. Angalia pia sehemu inayogusa prosesa. Intel ilitoa aina mbili zinazofanana kwa juu: moja ni alumini tupu, nyingine ina kiini cha shaba katikati. Prosesa yako imepangiwa wati 84, chukua yenye shaba. Na kama unanunua iliyotumika, fanya kile kipimo cha kidole hapohapo kaunta kabla hujalipa.

Usichukue feni ya pini 3 kwa sababu tu ndiyo iliyopo. Itazunguka, lakini haina waya wa amri. Kwenye bodi nyingi za zamani pini za CPU_FAN haziwezi kuipunguza kasi, itapiga kelele siku nzima. Upande wa pili, kwenye bodi mpya zinazokuruhusu kuchagua kati ya PWM (kasi kwa waya wa amri) na DC (kasi kwa kubadili volti), feni ya pini 4 ikiwekwa kwenye DC inapunguziwa volti badala ya kupewa amri, na nyingine hazifurahii: zinazunguka kwa kusuasua au zinashindwa kuanza. Kama unaiona hali hiyo kwenye kompyuta mpya, badilisha iwe PWM kabla hujalaumu feni.

Sasa kuifunga, na hapa tafadhali usiharakishe, kwa sababu feni mpya nyingi hulaumiwa bure kutokana na ufungaji. Ile ya Intel inashikiliwa na vishikizo vinne vyeusi. Kuitoa, zungusha kila kishikizo robo kufuata mshale uliochorwa juu yake, kisha kivute juu. Chomoa plagi ya feni kabla hujainyanyua. Ikiwa imegandia, izungushe kidogo kushoto na kulia mpaka pesti, ule uji wa kupitisha joto kati ya prosesa na hitisinki, ilegee, usiing’oe kwa nguvu. (Wenye prosesa za AMD za soketi AM4 wawe waangalifu zaidi: prosesa hiyo ina pini chini yake, na hitisinki iliyogandia huweza kuinyanyua pamoja nayo na kuzipinda. Washeni kompyuta kwanza ipate joto dakika chache, zimeni, chomoeni umeme, ndipo mzungushe na kutoa.)

Futa pesti ya zamani juu ya prosesa mpaka chuma king’ae. Kinachofaa ni alikoholi ya isopropili na kitambaa kisichotoa nyuzi. Spiriti ya duka la dawa mara nyingine ina mafuta ndani yake na huacha utando. Ukiikosa ile nyingine na ukaitumia hii, malizia kwa kufuta kavu mara mbili tatu. Kama feni mpya ina pesti tayari chini yake, usiiongezee. Kama haina, weka kiasi cha punje ya choroko katikati ya prosesa na uache hitisinki iisambaze. Kazi yake ni kujaza mianya midogo kati ya chuma na chuma. Ikiwa nyingi inazuia badala ya kusaidia, na inamwagikia kwenye bodi. Kuna wanaotumia dawa ya meno. Inafanya kazi ikiwa mbichi, halafu inakauka na kupasuka, na joto linarudi. Usikubali hilo lifanyike kwenye mashine yako.

Kabla ya kuweka hitisinki rudisha vishikizo vyote mahali pake pa mwanzo, kinyume cha mshale. Bonyeza viwili vya pembe zinazokabiliana kwa pamoja mpaka usikie mlio, kisha viwili vilivyobaki. Halafu geuza bodi, au mulika kwa nyuma kama kasha lina tundu, uhakikishe miguu yote minne imetokeza upande wa pili na imepanuka. Kishikizo kimoja kikiwa hakijaingia, hitisinki inanyanyuka upande mmoja, na utakuwa na feni mpya inayokimbia vizuri juu ya prosesa inayochemsha vilevile. Ivute kidogo kwa mkono. Ikitikisika, rudia.

Baada ya hapo rudisha Q-Fan, weka Standard, na kiwango cha chini cha onyo kiache kwenye mizunguko 600. Huyo fundi wako wa pili alikuwa na nia ya kuweka neno Ignore mahali hapo. Kitaalamu ni rahisi, ujumbe usingetokea tena. Lakini angekuondolea onyo na kukuachia ugonjwa, na siku feni ingesimama kabisa ungejua kwa kompyuta kuzima katikati ya kazi ya mteja. Kuna hali moja tu ambayo kushusha kiwango ni halali: mtu ameweka feni kubwa ya milimita 120 au 140, ambayo kwa maumbile yake hutulia kwenye mizunguko 400 au 500 na bado inapoza vizuri. Huyo ashushe hadi 300 au 200. Ignore abaki nayo mwenye mfumo wa kupoza usiotumia pini za CPU_FAN kabisa.

Wa kwanza, aliyesema prosesa imechoka, namwona amekosea zaidi. Prosesa haina kitu kinachozunguka wala kulika. Katika kasha zima vinavyozeeka mapema ni vile vyenye kusogea, yaani feni na diski ya zamani, na pawa saplai inayobeba misukosuko ya umeme wetu. Kuanza na prosesa ni kuanza na kitu cha mwisho kwenye orodha, na ambacho ni ghali kuliko vyote hivyo.

Bado hujamaliza mpaka upime joto kazini. Pakua programu ya kusoma joto, HWiNFO au Core Temp, zote zinapatikana bure, uiache wazi pembeni. Kompyuta ikiwa imetulia kwenye hewa ya Mafinga, usomaji wa nyuzi 30 hadi 45 ni mzuri. Halafu ipe kazi nzito kwa dakika 15. Kama una 7-Zip, ndani yake kuna kipimo kinachoitwa Benchmark kinachobana prosesa yote. Ni kidogo na hakihitaji kupakua kitu kingine. Joto likisimama chini ya 80, umefanikiwa. Likicheza kati ya 80 na 90, rudi kwenye vishikizo na pesti. Likigusa 95 na kuendelea, zima. HWiNFO pia ina mstari wa Thermal Throttling unaosema Yes prosesa ikijipunguza kwa sababu ya joto, na huo unamaliza ubishi wowote na fundi. Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa aongeze kwenye namba zangu tofauti ya joto la chumba chake: chumba cha nyuzi 32 dhidi ya chumba cha nyuzi 18 kinaipandisha prosesa kwa kiasi hichohicho, takriban nyuzi 14.

Ukipata mashaka kama hewa ndiyo inayokosekana ama vinginevyo, fungua ubavu wa kasha na uelekeze feni ya mezani ndani kwa dakika chache wakati kipimo kinaendelea. Joto likianguka sana, shida ni hewa kuingia na kutoka kwenye kasha: matundu ya mbele yameziba, au kasha limesukumwa mpaka ukutani. Lisipoanguka, shida iko kati ya prosesa na hitisinki.

Liondoe kasha sakafuni, liweke juu ya kibao au meza ndogo, mbali na upande ambao fotokopi inatolea hewa yake. Kwa mazingira ya duka lako ningepuliza vumbi kila baada ya miezi mitatu, na wakati wa kiangazi ningeangalia mapema zaidi.

Kuhusu kuzima ghafla, kuna uwezekano mmoja nisingependa uukose. Acha HWiNFO ikiandika kumbukumbu kwenye faili wakati wa kazi. Kuna kitufe cha kuanzisha hilo chini ya dirisha la vihisi. Siku itakayozima, fungua faili hilo usome mistari ya mwisho. Ukikuta joto lilikuwa 98 au 100, ni feni na hitisinki, na umeshajua la kufanya. Ukikuta ilikuwa 60 na feni inazunguka vizuri, basi joto halikuizima. Hapo rudi kwenye ile namba ya 12V uliyoiandika, angalia umeme wa dukani ukoje fotokopi inapoanza kuvuta, na umpe fundi pawa saplai aipime.